Mwalimu wa Mashine za Mbali

Mwaka Mwalimu alipofungua darasa lake Kianda ulikuwa mwaka wa miguu ya kuku. Sisi wa mtaa huu hatuna haja ya kalenda. Kulikuwa na mwaka wa githeri tupu, ule wa barakoa, watu walipofungiwa ndani na mahindi na maharage mpaka matumbo yakajaa upepo. Ukaja mwaka wa unga wa kupimiwa kwa kikombe, maana pakiti nzima ilikuwa ya wenye nazo. Halafu ndio ukaja ule wa miguu. Kuku mwenyewe alikwenda kwa hoteli za watu wengine, sisi tukaletewa miguu na vichwa kwa ndoo. Tulichemsha, tukachuna kucha, tukakaanga na kitunguu, na mtoto akiulizwa shuleni amekula nini alijibu "kuku" na hakuwa amedanganya. Shika huo mwaka. Kuna kuku mwingine nitakuja kumtaja, na huyo hakuwa miguu.

Mimi nauza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage, chakula cha kwetu Ukambani. Nimeuza mlangoni mwa ploti ile ile ya vyumba vya kupanga tangu binti yangu akiwa hai. Shule niliacha darasa la nne. Lakini mjukuu wangu Mwende, niliyeachiwa na binti yangu akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu, leo anafanya kazi katika jengo la vioo. Amekaa kwa kiti cha kuzunguka, anawasha kompyuta zilizo ng'ambo na kuzizima, na mwisho wa mwezi ananiletea mtungi wa gesi. Hili nalisema kanisani, nalisema sokoni, na anayechoka kulisikia azibe masikio. Aliyemfundisha ni huyu ninayemkumbuka hapa. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Kwetu alikuwa Mwalimu, basi.

Alikuwa mrefu, mkavu, na koti la kiume alilolivaa jua na mvua. Alichukua chumba cha mabati kilichokuwa cha kinyozi, kioo kikubwa kikabaki ukutani, kwa hiyo akiwapa watoto mgongo bado aliwaona wote. Kompyuta zake zilikuwa za kuokotwa ofisini, nzito, za rangi ya meno ya mvuta sigara. Umeme ulikuja kwa waya wa kuruka juu ya paa kama umeme wetu sote. Mvua ikinyesha, bati lilipiga kelele hata asingesikika akipiga mayowe, basi aliandika ubaoni na kugonga meza kwa rula. Rula moja: tazama hapa. Rula mbili: toa mkono. Watoto walimwelewa kuliko wanavyotuelewa sisi tunaosema.

Nisidanganye, mwanzoni sikumpenda. Alimrudisha Mwende nyumbani siku ya kwanza kwa sababu ya kuchelewa. Nikaacha sufuria jikoni nikamfuata.

"Umemfukuza mjukuu wangu kwa nini?"

"Amechelewa."

"Alikuwa ananichotea maji!"

"Basi leo amefundishwa na maji."

"Wewe mwanamke," nikamwambia, na watu wa ploti walikuwa wamesimama wanasikiliza, "ungekuwa na mtoto wako ungejua."

Akanitazama kupitia kile kioo cha kinyozi, hata hakugeuka. "Nina hawa," akasema. "Huyo wako aje kesho. Mapema."

Mwende alikwenda mapema tangu siku hiyo. Maji nikaanza kuchota mwenyewe, nikimlaani Mwalimu njia nzima ya kwenda na njia nzima ya kurudi.

Watu wamezoea kumsifu aliyekufa mpaka anakosa sura. Mimi nitasema alivyokuwa. Mkono wake ulikuwa mzito kutoa. Alikuwa na kiburi cha mtu aliyewahi kufanya kazi kwa ofisi kubwa mjini, akaiacha au akaachwa, hatukuambiwa. Kanisani aliimba kwaya na sauti yake ilikwenda pembeni kama mkokoteni wenye gurudumu bovu, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Hakujua kupika. Chai yake ilikuwa maji ya kuogea. Na huyu aliyewatisha wanaume kwa rula, panya akipita darasani alipanda juu ya kiti na koti lake akapiga ukemi, mpaka Mwende ndiye aliyekuwa akimfukuza panya kwa ufagio huku darasa zima limelala kwa meza likicheka. Akishuka kwenye kiti alikuwa Mwalimu tena. "Tulikuwa wapi?" anauliza, na kicheko kinakatika.

Neno lake kubwa lilikuwa: "Soma kwanza, bonyeza baadaye." Alilisema mpaka watoto wadogo wasiokwenda kwake walilisema wakicheza mpira njiani.

Nilijua anachofundisha siku mvua iliponiingiza ndani na jiko langu. Niliketi nyuma karibu na mlango, sufuria katikati ya miguu. Alikuwa amefungua ukurasa fulani kwenye skrini kubwa, ukurasa wenye visanduku vingi kama kabati la dawa, na mvua ilipopungua akaniona nimekodoa macho.

"Mama, unataka kujua?"

"Nataka kujua mnanunua nini."

"Hatununui. Tunakodi kompyuta."

"Na hizi zilizojaa hapa?"

"Hizi ni mlango tu. Kompyuta yenyewe iko ng'ambo, kwa jumba la watu, imewekwa pamoja na zingine nyingi. Mimi nachagua hapa, inawashwa kule."

Nikamwambia anionyeshe, maana mimi siamini kitu nilichoambiwa. Akamwita Mwende mbele afanye, na najua alimwita Mwende kwa sababu yangu. Kwanza msichana akachagua nchi kompyuta itakapokaa. Kisha akachagua ukubwa. Mwalimu akasema, kuna ya chumba kimoja, kuna ya vyumba vitatu, sisi tunachukua ile ndogo kabisa. Hapo nilielewa, hiyo ni lugha yangu. Kisha akachagua itakuja na nini ndani, kama vile chumba kinavyoweza kuja na kitanda. Kisha akaipa jina. Mwende akageuka, akanitazama, akaandika "Shosho," anavyoniita mimi bibi yake. Darasa likacheka. Mimi nikajifanya natafuta mwiko.

Kisha ikaja sehemu ya ufunguo. Hapo Mwalimu aligonga meza ingawa mvua ilikuwa imekwisha.

"Huu ufunguo utapewa mara moja tu. Ukiupoteza, hata wenye jumba hawakupi mwingine. Na ukimpa mtu, mtu huyo ni wewe. Atakachofanya ndani, umefanya wewe. Nimesema nini, Mwende?"

"Hapewi mtu, Mwalimu."

"Hata rafiki?"

"Hata rafiki."

"Hata shosho wako?"

Mwende akasita. "Hata shosho."

"Soma tena yote uliyochagua. Sasa bonyeza."

Akabonyeza. Neno likaandikwa kwamba inasubiri. Tukasubiri na sisi, watoto wote wameinua shingo. Kisha kidoti kikageuka kijani, na darasa likavuta pumzi kama kanisa.

"Ni hiyo tu?" nikasema. "Hata haijanguruma."

"Inanguruma huko iliko, Mama."

"Na mwenye hilo jumba ni nani?"

"Hata mimi simjui."

"Basi sisi na nyinyi ni wapangaji sawa," nikamwambia, maana hata mimi, mwenye ploti ninayopanga sijawahi kumwona, naona mlinzi tu. Mwalimu alicheka siku hiyo. Alikuwa na pengo pembeni, na alicheka akiliziba kwa mkono.

Kitu kimoja sikukijua siku hiyo, na wengi hawakukijua mpaka mambo yalipoharibika. Wenye jumba hawakodishi kwa mtoto. Wanataka kitambulisho na kadi ya benki ya mtu mzima. Kwa hiyo mashine zote za watoto, na Shosho ya Mwende ikiwemo, zilikuwa zimeandikwa kwa jina la Mwalimu. Kila mtoto alikuwa na ufunguo wake, lakini mpangaji mbele ya wenye jumba alikuwa yeye peke yake.

Nizungumze kuhusu funguo, kwa sababu hapo ndipo tulipoangukia.

Huku kwetu ufunguo wa kufuli si siri. Ukienda kibarua unamwachia jirani, kwa sababu mvua inaweza kuja na nguo ziko kwa kamba, mtoto anaweza kurudi shule amebanwa, moto unaweza kuruka kutoka chumba cha tatu na mtu akahitaji kukutolea godoro. Mimi kiunoni nina kamba yenye funguo za watu kama mlinzi wa jela. Anayekataa kuacha ufunguo tunamwona ana jambo anaficha, au anaringa. Watoto wetu wamelelewa hivyo. Mkubwa akikwambia "nipe ufunguo," unampa, na ni adabu.

Mwalimu mwenyewe, pamoja na makelele yake yote, ufunguo wa kufuli la darasa aliuning'iniza kwenye kamba yangu kila jioni. Nikamcheka.

"Si ulisema hata shosho asipewe?"

"Humu ndani kuna nini, Mama? Mabati ya kompyuta na viti vya kanisa. Mwizi akiingia atatoka amechoka. Lakini kule akiingia mtu anatoka na jina langu."

Nilidhani ni maneno ya walimu.

Kuhusu watoto na makosa yao alikuwa na desturi moja iliyotukera sote. Kipanya cha kompyuta kiliibwa, kipya, cha msaada. Akafunga darasa mpaka kirudi. Akina mama tukaenda tumejaa mlangoni, tumekunja kanga, kila mmoja tayari kumchapa mtoto wa mwenzake. Ilikuwa wazi kwamba Mwalimu anajua ni nani, kioo cha kinyozi hakimfichi mtu.

"Tuambie ni nani," tukasema. "Tutamnyoosha sisi."

"Mtoto wa mtu simtaji."

"Sasa tutamjuaje mwizi?"

"Hamtamjua. Mkimjua leo, mtamwita mwizi mpaka aoe."

Mama mmoja akasonya: "Huyu anafuga wezi." Tukaondoka tumekasirika. Kesho yake kipanya kilikuwa mlangoni kimefungwa ndani ya soksi, na darasa likafunguliwa, na mpaka leo sijui soksi ile ilikuwa ya nani. Kuna wanaume watano au sita wazima sasa, wana wake zao, na mmoja wao ni mwizi wa kipanya, na anapita kwangu asubuhi ananiambia "Sasa shosho" bila aibu.

Sasa yule kuku.

Katika mwaka ule ule alikuja kijana mmoja wa Olympic, hapa jirani, ng'ambo ya barabara, penye nyumba za mawe. Alikuwa na gari jeupe na kofia isiyotoka kichwani. Hakuingia darasani hata siku moja. Alikuwa akisimama chini kule njia inapokutana na lami, watoto wakitoka, anawasalimia, "Niaje, watu wa mashine," anawapeleka kwa kibanda cha chipsi. Chipsi na kuku. Si miguu. Paja. Baadaye ndio tulijua alichokuwa anatafuta: alitaka mtoto mmoja amwazime ufunguo wa mashine yake, kwa muda kidogo, ana kazi ndogo. Hakuiba. Aliomba, kwa adabu, kama mkubwa anavyoomba.

Siku moja Mwende alirudi jioni, nikampakulia, akasema ameshiba. Mwaka ule hakuna mtoto aliyesema ameshiba. Nikamshika mkono kumpa maji ya kunawa, na vidole vilinuka mafuta ya kuku wa kukaanga.

"Umekula wapi?"

"Kulikuwa na bathdei, Shosho."

"Ya nani?"

"Ya mtu wa darasani."

Nikaiacha hapo. Watoto wengi walinuka kuku mwezi huo. Ningeuliza kila kidole cha Kianda?

Kijana wa Olympic alitengeneza ukurasa ndani ya mashine ya mmoja wa watoto wetu. Ulikuwa ukurasa mzuri, wenye ndege na wasichana wanaotabasamu, na uliahidi kazi za nje kwa watu wa mikono: mafundi, wapishi, walezi. Ulitaka mtu atume ada kwanza. Fundi cherehani aliyekuwa na meza yake mbele ya ploti yetu, mtu mpole wa kutoka Magharibi, aliyeshona sare za nusu ya watoto wa Kianda, aliuza cherehani akatuma. Aliuza kitu kilichokuwa kinamlisha ili akakipate kikubwa zaidi. Kisha akakaa kwenye ile meza tupu akisubiri simu. Tukimpita alisema, "Wiki hii watapiga." Alisema hivyo mpaka tukaanza kupitia njia ya nyuma.

Mwalimu alijua asubuhi moja darasa likiendelea. Nilikuwa nimempelekea bakuli lake, kwa hiyo hili nililiona kwa macho, sikuambiwa. Wenye jumba la ng'ambo walikuwa wamemwandikia kwamba moja ya mashine zake inatapeli watu. Akafungua ule ukurasa wa visanduku. Mashine za watoto zote zilikuwa zimepangwa, moja chini ya nyingine, kila moja na jina lake na kidoti chake cha kijani. Alitembeza kidole juu ya skrini, kikashuka, kikashuka, kikasimama. Mimi herufi ndogo za skrini sizioni. Kisha akainua macho akatazama kwenye kioo cha kinyozi, akawatazama watoto wote waliokuwa nyuma yake, na mimi nikiwa mlangoni sikuona macho yake yalitua kwa nani.

Nieleze kitu ili uelewe alichofanya. Mwalimu alikuwa amewakataza watoto kufuta mashine. "Kuzima na kufuta ni vitu viwili," aliwaambia. "Ukizima, kesho utaikuta. Ukifuta, umezika." Kuna mtoto alifuta yake kwa haraka zake, kazi ya muhula mzima ikaenda, na Mwalimu alimsimamisha mbele akamgombeza mpaka akalia.

Asubuhi hiyo yeye mwenyewe alizichagua zote. Mashine ikamwuliza kama ana hakika. Hakusoma. Akabonyeza.

Vidoti vya kijani vikazimika kimoja kimoja, na watoto wakaanza kupiga kelele kwenye viti.

"Mwalimu, yangu imekufa!"

"Mwalimu, ile kazi ya mtihani!"

"Mwalimu, umefanya nini?"

"Nendeni nyumbani," akasema. Hakugonga rula. Watoto walitoka wakilia, na Mwende alitoka katikati yao, na yeye analia, na Shosho yangu ilikuwa imezikwa na zingine. Bakuli la muthokoi lilibaki kwa meza mpaka likaganda.

Nilidhani amerukwa na akili. Baadaye, nikikoboa mahindi, nikaelewa. Alifuta zote ili ile moja isionekane.

Walikuja watu wawili waliovaa nguo za kawaida, viatu ndivyo vilivyowatangaza kuwa ni polisi. Fundi alikuwa nyuma yao. Tulijaa uani.

"Hizi mashine ni za nani?"

"Zangu."

"Zote?"

"Jina ni langu, basi ni zangu."

"Umefuta ushahidi, unajua hilo?"

"Najua."

"Sasa nani aliweka ule ukurasa?"

"Kijana wa gari jeupe. Anakaa Olympic, nyumba za mawe. Mtafuteni."

"Tulienda. Nyumba ni tupu. Wewe ulimwona?"

"Sikumwona."

"Basi kuna aliyemwona. Kuna aliyempa ufunguo. Ni mwanafunzi gani?"

"Mtoto wa mtu simtaji."

Yule mkubwa wao akacheka. "Madam, hapa si shule. Huyo mtoto atalia kidogo, atatueleza, atarudi kwa mama yake. Wewe utalala ndani. Unataka kulala ndani?"

Mwalimu akafunga vifungo vya koti lake.

Ndipo Fundi akapita katikati yetu. Alimnyooshea Mwalimu mikono yake mitupu, mikono ya kupitisha uzi kwenye sindano bila kutazama. "Mwalimu, sema," akamwambia. "Mimi simtaki huyo mtoto kwa ubaya. Nataka kujua tu ni nani aliyenimaliza. Nimeshonea hawa watoto wote. Wote, Mwalimu!"

Na hapa nitasema: Fundi alikuwa na haki. Mpaka leo naona alikuwa na haki. Mwalimu alimtazama, machozi yakamjaa, akainamisha kichwa, na hakumpa hata herufi moja. Wakamchukua. Alivyopita kwangu alitoa ufunguo wa darasa mfukoni akanitupia mkononi bila kusimama, kama jioni nyingine yoyote.

Nilirudi chumbani. Mwende alikuwa amejifunika blanketi, mchana, jua kali.

"Mwende."

"Naumwa kichwa, Shosho."

"Ni wewe?"

"Shosho, naumwa kichwa."

Siku hiyo sikumwuliza tena. Mtoto wa binti yangu ndiye pekee niliyebaki naye, na mimi nilikuwa na sauti kubwa mtaani. Nilikuwa nimeshamsifu kwa kila mtu.

Mwalimu alikaa rumande muda mrefu. Nilikwenda kumwona, nikarudishwa mlangoni, nikaenda tena. Huko ndani walilala wamepangwa kama omena, wale dagaa, kwenye sinia, mmoja akikohoa wote wanakohoa. Mwishowe kesi ilikosa miguu, kijana wa Olympic hakupatikana, wakamwachia. Alitoka na kikohozi na koti limekuwa kubwa mara mbili. Chumba chake kilikuwa kimewekwa meza ya pool, vijana wanagonga mipira pale watoto walipokuwa wanainua shingo kutazama kidoti. Kioo cha kinyozi bado kiko. Alisimama mlangoni akakitazama, akaondoka. Wapo waliomtemea mate Kianda. Walimwita mama wa matapeli. Fundi alikuwa amekwisha kurudi kwao na mkoba mtupu, na hatukusikia tena habari zake.

Watoto wake, hata hivyo, walikwenda walikokwenda. Mmoja yuko benki, mwingine anatengeneza simu, wawili wameharibika kwa pombe ya chang'aa, na Mwende yuko kwenye jengo la vioo. Alipohojiwa kwa ajili ya kazi walimwambia awashe mashine mbele yao, na akaniambia mkono ulijiendea wenyewe: nchi, ukubwa, jina, ufunguo. "Walishangaa, Shosho, kwa sababu nilisoma kila kitu tena kabla ya kubonyeza." Nikamwuliza aliipa jina gani. Akasema hakumbuki.

Tulimzika Mwalimu miaka baadaye, msimu wa mvua ya pili. Mwende alilia mpaka ikabidi ashikiliwe asianguke. Lakini kusema kweli walilia wote. Nilisimama pale nikiwatazama mmoja mmoja, wanaume na wanawake wazima, nikitafuta kilio kilichozidi vingine, na sikukipata.

Hayo ya kaburini nimeyataja ili yapite. Ninayemkumbuka ni yule wa kabla ya hapo, wa Kawangware.

Alikuwa amehamia kwa dada yake Kabiro, huko huko Kawangware, chumba cha ghorofa ya mabati, ngazi zinazoyumba. Nilichukua boda na muthokoi kwenye ndoo ndogo, nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Nilimkuta amekaa kitandani, ameegemea ukuta, koti limetundikwa msumarini. Bila koti hakuwa na mabega.

"Mama Muthokoi," akasema. "Umekuja na ile kitu yako?"

"Nimekuja nayo. Kula."

Akaonja kijiko kimoja, akatafuna muda mrefu. "Hii haina chumvi."

"Wewe ndio huna ulimi."

Akacheka, akaziba pengo kwa mkono, kikohozi kikamchukua, nikamshikia bakuli la kutemea. Nilichokiona ndani sikumwonyesha. Chini kulikuwa na mtu anauza maji anapiga mtungi.

"Watoto hawajambo?" akauliza.

"Yupi?"

"Wote."

Hata hapo hakusema jina. Alikuwa anajua nimetoka kwa nani, anajua nani ananinunulia gesi, na hakusema jina.

Nikaweka ndoo chini. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno tangu Kianda, yote yakanitoka.

"Mwalimu, mimi ni mtu mzima. Kuna kitu kinanila. Mwaka ule mjukuu wangu alirudi nyumbani amekula paja la kuku. Vidole vilinuka. Nilikwambia hii? Sikukwambia. Nimemwuliza ni yeye, akasema anaumwa kichwa. Mpaka leo nikimwuliza ananiambia, 'Shosho, hiyo stori iliisha.' Haijaisha. Wewe uko hapa. Fundi hana cherehani. Na mimi nimesimama kanisani nikasema huyu msichana ni wangu."

Alikuwa ananisikiliza amefumba macho.

"Ukisema ndiyo, nitalibeba. Nitamleta hapa apige magoti. Ukisema hapana, nitakwenda zangu nilale. Niambie tu. Kule ulijua. Kidole chako kilisimama, nilikiona. Ni Mwende?"

Akafumbua macho. Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama watoto kwenye kioo, anaona mtu mmoja lakini kama anaona wote. Kiunoni nilikuwa bado na ule ufunguo wa darasa, wa kufuli lisilokuwepo. Nikaufungua kwenye kamba nikamwekea kiganjani, sijui kwa nini, labda nilitaka kumpa kitu ili anipe kitu. Akautazama. Akauchukua mkono wangu, akauweka ufunguo ndani, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja. Vidole vyake vilikuwa vya moto.

Kisha sauti ikamtoka, si ile ya mgonjwa, ile ya rula.

"Mtoto wa mtu simtaji."